Chumvi ya Kukunja kwa Gazeti

Mamangu alikuwa anakunja chumvi usiku, koroboi imewekwa juu ya stuli, mimi na ndugu yangu mdogo tumelala kitanda kimoja tumesukumwa kwa ukuta wa ndani maana ule wa nje tulikuwa tunaogopea mawe. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2008, Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, upande wa Makina. Alikuwa na kijiko cha chai na rundo la magazeti ya wakati wa kampeni, anararua kipande, anatia vijiko viwili vya chumvi, anakunja vile watu wa karanga hukunja, anapanga kwa karai. Nikamuuliza, "Mama, si uuze tu pakiti nzima kama mtu anataka?" Akanijibu bila kuniangalia, "Nani ako na kitu cha pakiti nzima saa hii?"

Hilo swali nimetembea nalo miaka yote hii. Nasikia watu wengi siku hizi wakiongea vile watajiandaa mambo yakiharibika kabisa, serikali ikianguka, pesa ikikosa maana, na wanaongea dhahabu, magunia, mitungi ya mafuta, chakula cha mikebe cha mwaka mzima. Siwacheki hata kidogo, mimi mwenyewe naweka akiba na nafundisha watoto wangu kuweka. Lakini niliona mtaa mmoja ukikatwa na dunia kwa wiki kadhaa na naomba niseme nilichokiona, kwa sababu hakifanani sana na yale yanayosemwa.

Kura ya urais ilipigwa Alhamisi tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yakatangazwa Jumapili jioni tarehe 30, upande mmoja ukayakataa, na kabla giza halijashika vizuri moshi ulikuwa kila upande. Soko la Toi, pale mamangu alikuwa ananunulia vitambaa, likachomwa. Siku zilizofuata reli inayopita Kibera ikang'olewa. Maduka yamefungwa, matatu hakuna, na yule aliyekuwa na pesa benki alikuwa sawa na asiyekuwa nazo kwa sababu benki iko mjini na mjini hufiki. M-Pesa ilikuwa haijamaliza mwaka, ilianza Machi 2007, na kwetu waliokuwa wameisajili ni wa kuhesabu. Wakubwa wa siasa wakaja kuweka saini mkataba wao wa kugawana serikali tarehe 28 Februari, sisi huku tushakuwa tumejifunza kuishi na kile kilichokuwa ndani ya nyumba zetu.

Na watu walikuwa na vitu, hiyo ndo watu hawaelewi. Mtu ana redio, mwingine ana jiko mbili, mwingine ana sufuria kubwa za sherehe, kuna mwenye gunia la makaa, kuna mwenye kuku. Shida haikuwa ati hakuna vitu, shida ilikuwa chenji. Unakuja na redio unataka unga wa watoto wa leo jioni, mwenye unga anakupatia nini? Nakumbuka mzee mmoja wa ploti ya pili, fundi wa mbao, alikuja na redio yake ya kaseti ameifunga kwa shuka, akamwambia mamangu, "Mama, nipe tu hata cha kupika leo." Mamangu akakataa redio. Akampa uji na vifungo vitatu vya chumvi akamwambia atalipa na kazi mambo yakitulia. Mzee akaenda mbele, na baadaye tukasikia redio imeenda kwa gorogoro mbili za mahindi. Gorogoro mbili, kama kilo nne na kitu! Sio ati yule wa mahindi alikuwa mtu mbaya sana, alikuwa na mahindi tu na redio haikatwi vipande.

Kwa hivyo chumvi ya mamangu ikawa chenji ya ile laini yetu yote. Sikumbuki bei kamili kwa kila kitu maana ilibadilika kila siku, lakini kifungo kimoja kilikuwa kinatoa majani ya sukuma ya kupika mboga ya watu wawili, vifungo vitatu au vinne vinakupa mafuta taa ya kujaza koroboi. Mtu akileta kitu kikubwa kidogo, mfano kuku, mamangu hakuwa na cha kutosha kukilipa, basi alikuwa anampeleka kwa mwenye unga, mwenye unga anampa mwenye kuku unga, tofauti inayobaki inajazwa na vifungo vya chumvi, na viberiti, viberiti viwili vitatu vya kuongezea, mambo yanaisha kila mtu anaenda kwake. Ile tofauti inayobaki, hapo ndo watu hugombana na hapo ndo mtu hudhulumiwa, na ukiwa wewe ndo uko na kitu kidogo cha kuziba hapo, hata kama huna kitu kingine, watu watakuhitaji.

Kitu kingine kilichofanya kazi ya chenji ilikuwa kredo ya simu. Kadi za kuskrach ziliadimika, aliyekuwa nazo akauza juu ya bei iliyoandikwa, lakini uzuri wake ni kwamba unaweza kusambaza ishirini bob tu, na ndugu yako akiwa Nakuru au Thika anaweza kukutumia bila kuvuka barabara yenye watu wenye mapanga. Vijana wa pale kwetu walikuwa wanapimiana kredo vile mama mboga anapima nyanya. Hakuna aliyewafundisha. Nairobi hii ya watu wa chini imekuwa ikiishi kwa kupima siku zote, mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya kipande inakatwa na kisu, maziwa ya kikombe, sasa vile mambo yaliharibika sisi tulikuwa tunajua hiyo lugha tayari. Waliopata shida zaidi kubadilishana ni wale wa nyumba za mawe huko nje waliozoea kununua kila kitu kwa pakiti kubwa.

Na magunia? Kulikuwa na mwenye duka mmoja alikuwa amejaza kabla ya kura, watu walijua kwa sababu mkokoteni ulipita mchana na kila mtu akahesabu. Walikuja usiku mmoja wakabeba yote. Sitasema zaidi, familia ile ilitoka na nguo za mwilini na bado inaniuma. Mamangu alikuwa na chumvi ya kilo ngapi, labda ishirini, na hakuna aliyejua kwa sababu kila siku ilitoka kidogo kwa karai na ndani ilikuwa imegawanywa, nyingine chini ya kitanda, nyingine ndani ya mto, nyingine kwa jirani.

Lazima niseme pia kuhusu gorogoro. Ukikulia Nairobi unajua gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili, na unajua kuna wauzaji wanaugonga chini na nyundo, sehemu ya chini inaingia ndani, mkebe unaonekana vilevile lakini unabeba kidogo. Wakati wa amani watu wananung'unika halafu wananunua. Wakati ule walikataa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye maharagwe mazuri kabisa na hakuna aliyemkaribia juu mkebe wake ulijulikana, na mamangu alikuwa na mkebe ambao haujagongwa, basi watu wanakuja kuazima MKEBE tu, wakapimiane mbele ya nyumba yetu. Wawili wasiojuana, wengine hata kabila zao zilikuwa zinachinjana barabarani, wanakuja wanapima mahindi na omena kwa mkebe wa mamangu, wanamwachia konzi moja ya asante. Kuna siku tulikula hiyo konzi. Mtu akiniuliza leo kitu cha kwanza cha kuweka akiba ni nini namwambia kipimo, nunua mizani ya kuning'iniza ile ya chuma isiyotumia betri, weka vijiko, weka chupa ya lita moja yenye alama, na usikubali mtu akuone hata siku moja ukipunja.

Waliokuwa wanavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine walikuwa wanawake, karibu wote. Mwanamume akivuka angeulizwa kitambulisho, angeulizwa jina la pili, lile linaloonyesha kabila. Mwanamke mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni alipita, sio kila mara, lakini alipita. Baadaye sana nilikuja kujua hii si mpya, hata zamani kabla ya wazungu Wakikuyu na Wamaasai walipokuwa na vita wanawake ndo walikuwa wanavuka na nafaka na tumbaku wanarudi na ngozi, biashara haikufa kwa sababu kulikuwa na watu ambao hawaguswi. Kwa hivyo ukipanga nani atafanya kazi gani nyumbani kwenu siku hizo, hilo lifikirie pia, maana akiba iliyokaa upande mmoja wa barabara na mahitaji yako upande mwingine haisaidii.

Miaka kadhaa baadaye nilishona nguo Eastleigh kwa mama mmoja wa Kisomali, mtu wa roho safi, na mchana tukisubiri stima irudi alikuwa ananisimulia vile alitoka Mogadishu 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Alikuwa na bangili za dhahabu amezishona ndani ya nguo. Akasema alifika mahali akatoa bangili nzima kwa kuketi nyuma ya lori na maji ya watoto, alijua thamani yake, mwenye lori pia alijua, lakini atakatiwa wapi chenji ya dhahabu njiani? Binamu yake aliyebeba majani chai na sukari kwa vifuko vidogo alifika na nusu ya vifuko bado anavyo. Nikamwambia habari ya chumvi ya mamangu akashika mkono wangu, hakusema kitu. Yeye ndo aliniambia pia kwamba shilingi ya Somalia iliendelea kutumika miaka na miaka bila benki kuu, noti zimechakaa, kwa sababu watu walihitaji tu kitu kidogo cha kuhesabia, kila mtu akikubali mwenzake atakipokea basi inatosha.

Nilianza kufuatilia baada ya hapo. Zimbabwe walipoachana na dola yao 2009 wakaanza kutumia ya Marekani, noti za dola zilikuwepo lakini sarafu za senti hakuna, ukinunua mkate unarudishiwa peremende, kalamu, au kikaratasi. (Na hapa kwetu nani hajarudishiwa peremende supamaketi?) Ajentina uchumi ulipodondoka 2001 na 2002 watu wengi sana waliingia vilabu vya kubadilishana vitu, wana vikaratasi vyao vya kuhesabia, na vikaratasi vikaanza kughushiwa, imani ikaisha, vilabu vikafa vingi kwa muda mfupi. Kwa upande mwingine kuna ile Bangla-Pesa ya mtaa wa Bangladesh kule Mombasa 2013, vocha za wafanyabiashara wadogo wanaojuana, waanzilishi wakakamatwa, kesi ikaja ikaondolewa, na wazo likaja mpaka Nairobi, Kawangware ikawa na Gatina-Pesa, Kibera ikawa na Lindi-Pesa. Tofauti ninayoiona mimi ni kujuana tu. Karatasi inashika pale mama wa viazi anajua mlango wa fundi wa viatu. Ikitoka nje ya hapo nataka chumvi.

Sasa niseme yangu, na kuna kosa nililofanya ambalo lilinigharimu.

Machi 2020 kafyu ya korona ilipotangazwa niliogopa sana. Nilikuwa na watoto wawili, nakaa Umoja, na picha za 2008 zikarudi zote. Nikakopa pesa ya chama chetu cha akiba, nikanunua magunia mawili ya mahindi ya kilo tisini na nikayasimamisha kwa sakafu ya simiti, yameegemea ukuta. Nilisahau kila kitu cha mamangu, nikafanya kile hofu ilitaka. Kufikia Julai chumba kinanuka, nikifungua gunia la ndani ni joto, fukusi wanatembea, na chini kabisa punje zimeshika ukungu wa kijani. Nikataka kuchagua zile nzuri nisage. Dadangu ni muuguzi, akanikataza, akanikumbusha 2004 kule Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi yaliyowekwa na unyevu, na ile sumu haitoki kwa kupika, na ukiwapa kuku inawaingia pia. Tukayatupa. Deni la chama nililipa mpaka mwaka uliofuata.

Tangu hapo siweki mahindi bila kuyapima. Unachukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, unatia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, unatikisa dakika chache unaacha itulie. Chumvi ikishika kwa kuta za chupa mahindi yana maji bado, rudisha juani. Ikidondoka yote chini uko salama kuweka. Na unayaweka kwa ile mifuko isiyopitisha hewa, wadudu wanakufa wenyewe kwa kukosa pumzi bila dawa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Na unaweka kidogo, kile mnakula miezi miwili mitatu, unakula cha zamani unajaza kipya. Unga wa kusaga ndo usiwahi kuuwekea matumaini ya mwaka.

Kwa kubadilishana naweka vitu vidogo. Chumvi, bado ni nambari moja, haiozi, inataka tu kukaa pakavu. Viberiti ndani ya chupa za glasi zenye kifuniko, maana vikipata unyevu havina kazi. Sindano za mkono na za cherehani, namba 14 na 16, hizi watu hawazifikirii lakini niambie utatengeneza sindano na nini? Uzi mweusi na mweupe, zipu, elastiki, vifungo. Nyembe. Majani chai niliyogawanya kwa vifuko vya vijiko vitano. Kamba za viatu. Mishumaa ninayoweza kuikata nusu. Sodo, na vitambaa vya flaneli vya kushona zile za kufua, kwa sababu 2008 niliona wasichana wakubwa wakishinda ndani na aibu na hakuna mtu aliyekuwa amefikiria hilo, hakuna, na mimi nilikuwa mmoja wa wasichana hao. Klorini ya maji naweka pia lakini hiyo haikai milele, inapoteza nguvu, kwa hivyo naandika tarehe na kila baada ya miezi sita natumia na kununua nyingine. Petroli siweki ndani ya nyumba na nakuomba usiweke, kwa nyumba hizi zetu zilizobanana utachoma ploti nzima. Sigara na pombe najua watu husema ndo pesa ya vita, na ni kweli zinatembea, lakini zinaleta mlangoni kwako usiku wale watu ambao hutaki wajue mlango wako, mimi na watoto wangu hapana.

Ujuzi nao nimeugeuza vilevile, nimeukata vipande. Watu husema jifunze ushonaji, jifunze udaktari, jifunze ujenzi. Sawa. Lakini wakati ule hakuna mtu aliyetaka gauni. Walitaka zipu ya suruali ibadilishwe, mkanda wa begi ushonwe kabla hawajakimbia, blanketi moja ikatwe iwe mbili. Mamangu na cherehani yake ya kukanyaga na miguu, haihitaji stima, alikuwa anashona mshono mmoja kwa kifungo cha chumvi au kiazi. Fundi wa mbao niliyemtaja, yule wa redio, alikuja kuponea kwa kutengeneza komeo za milango, komeo moja, dakika kumi, unalipa na chochote. Kwa hivyo najiuliza hivi, naweza kumfanyia mtu nini kwa dakika kumi hadi nusu saa, na vifaa vinavyoingia kwa begi moja? Kunyoa watoto. Kunoa visu na panga. Kubadilisha utambi wa jiko la mafuta. Kuandikia mtu barua, na usicheke, kuna wazee hawasomi. Kutengeneza maji ya mtu anayeharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko cha chumvi, isizidi hapo kwa chumvi, hiyo imeokoa watoto wengi na kila mzazi Nairobi angeijua kwa kichwa maana kipindupindu hakitusahau. Sabuni ya maji nilijifunza kwa mama mmoja Kariobangi, ungarol (ile dawa nzito ya kutoa povu), maji, rangi, marashi, na chumvi ndo inaikazia inakuwa nzito, chumvi tena! Lakini ungarol inatoka kiwandani na kiwanda kikifungwa sabuni yangu imeisha, kwa hivyo nikajifunza pia ile ya kostik soda, kemikali inayochoma ngozi, na mafuta, na hiyo fanya nje, vaa glavu, tia kostik kwa maji na SIO maji kwa kostik, na watoto wasikaribie.

Kuchaji simu nilikuja kuona umuhimu wake Agosti 2023, ile Ijumaa tarehe 25 usiku stima ilipotea nchi karibu yote mpaka uwanja wa ndege ukaingia giza. Asubuhi simu zimezima ploti nzima na pesa ya watu wote iko ndani ya simu. Nina paneli ndogo ya sola na betri, nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya taa. Nikaweka stuli nje ya mlango, nikawa nawachajia majirani simu. Sikutoza pesa, wengi hawakuwa nayo mkononi, mmoja alileta nyanya, mwingine mtungi wa maji wa lita ishirini ameupandisha mpaka ghorofa ya tatu, kijana wa chini akaniambia, "Mathe mimi sina kitu lakini nitakuoshea ngazi." Akaosha. Siku hiyo nilijua majirani ninaoishi nao miaka minne, wengine ndo nilikuwa nasikia sauti yao mara ya kwanza.

Na hiyo ndo sababu nafanya mazoezi sasa, wakati bado kuko sawa. Maji ya kaunti kwetu huja kwa zamu, kuna wiki hayaji siku zetu kabisa. Badala ya kununua kwa mkokoteni kila mara nimeongea na jirani wa chini mwenye tangi, nampa lita ya sabuni ananipa mitungi mitatu, tumeanza mwaka jana. Mara ya kwanza tulikosana. Nilidhani mitungi minne, yeye alidhani miwili. Tukakaa, tukapimana maneno, tukamalizia kwa tatu na viberiti viwili juu yake.

Mwalimu wangu mkubwa lakini alikuwa mama mmoja wa mali kwa mali. Mnawajua, wanapita ploti kwa ploti na mabeseni kichwani wanaita "mali kwa mali", unampa viatu vya zamani, suruali, sufuria iliyotoboka, anakupa beseni. Nilimwomba Jumamosi moja nimfuate, nikambebea mzigo toka Umoja mpaka Kayole. Hakuwahi kutaja bei kwanza. Aligeuza suruali ndani nje, akavuta mshono, akaangalia zipu, akanyamaza mpaka mwenye nguo aseme mwenyewe anataka beseni gani. Na chini ya mabeseni yote alikuwa na mfuko mweusi nilioubeba siku nzima bila kujua una nini. Mchana Kayole, dada mmoja akataka beseni kubwa na nguo zake hazifiki, beseni dogo nalo amelikataa, wamekwama kama dakika kumi, dada ameshaanza kufunga mlango. Huyo mama akachukua beseni la katikati, akafungua ule mfuko, akahesabu vibanio vya nguo sita, akavitia ndani ya beseni vikalia. Dada akarudi na suruali.